Hodi ya Kigong'ota

Oktoba, Anicetas alipofariki,
nilikwenda mwenyewe nyuma ya ghala
nikabisha kila mzinga mara tatu kwa ufunguo wa nyumba:
Bwana wenu amekwisha. Kaeni nami.
Ndivyo tufanyavyo huku Dzūkija.
Asiyewapasha nyuki habari ya msiba
asishangae wakihama.

Waliitikia. Mvumo ulipanda, ukashuka,
kama watu wanaosogeza viti.

Sasa ni Januari. Ziwa limekuwa sakafu,
na kuna mwingine anayebisha.

Ko-ko-ko. Kabla sijachemsha chai. Ko-ko-ko-ko.
Mgongo wa kijani, kichwa cha kijivu, paji jekundu,
amejibandika ubavuni mwa mzinga wa nne,
mkia kaukita kwenye mbao kama fundi mwenye mkataba.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu akija, mwenyeji hutoka mmoja mmoja
kuuliza ni nani,
wala hapati nafasi ya kuuliza tena.

Najua wanachofikiri mle ndani.
Wamejikunja kama ngumi ndani ya glavu,
wa nje wakingoja zamu yao ya joto,
malkia katikati, asali juu ya vichwa vyao.
Ukibisha, wanadhani ni tanzia nyingine.
Mimi ndiye niliyewafundisha.

Nilitia kidole kwenye tundu: kikazama hadi kwenye pete.
Chini, juu ya theluji, unga wa msonobari,
vipande vya nta,
na mbawa. Mbawa tupu.

Zigmas wa ng'ambo ya barabara akaja na bunduki.
"Risasi moja, Genovaitė, nawe upate usingizi."
Nikamwambia: ikilia hiyo, nao watasikia.
Akanywa chai yangu, akaondoka na bunduki yake.

Tautvydas alipiga simu kutoka Bergen.
"Mizinga sita, mama, na mgongo huo! Iuze."
Nikamuuliza hali ya hewa.

Lugha yetu ina vitenzi viwili vya kifo.
Mbwa ana chake, ng'ombe ana chake hicho hicho,
hata farasi aliyelima miaka ishirini.
Mtu na nyuki wana kimoja, cha peke yao.
Siwezi kuacha afariki mtu sita kwa siku
mlangoni pangu
kwa sababu ya baridi ya mikono.

Basi nikabomoa banda la kuku
(kuku wenyewe waliishia kwenye karamu ya matanga)
nikakata seng'enge yake kwa mkasi wa bati.
Isiguse mbao, alikuwa akisema, sigara mdomoni,
iache mbali kiasi cha kiganja,
la sivyo mdomo wake unapita na wewe umemjengea ngazi tu.
Tundu lipitishe nyuki, lisipitishe kichwa.
Nikachomeka fito pembeni, nikazungusha, nikafunga.
Wa kwanza, wa pili. Damu kidogo. Wa tatu.
Tundu la mzinga wa nne nililiziba kwa kizibo cha chupa na nta,
kwa maana nta yao wanaijua.
Wa tano.
Seng'enge ikaisha.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Kisha nikaingia ndani nikalitoa koti lake,
lile zito la sufu, ambalo dada yake ameliomba mara mbili,
nikauvika mzinga wa sita
nikafunga vifungo vyote, mlango wao nikauachia chini ya pindo.

Asubuhi alikuja.
Akajaribu wa kwanza, seng'enge ikamrudisha.
Akajaribu wa nne. Akakaa juu ya ukosi wa koti
akageuza kichwa huku na huku,
akagonga mara moja kwenye sufu.
Haikutoa sauti.

Sikumfukuza. Niliweka sikio kifuani mwa koti,
mahali nilipokuwa nikiliweka zamani,
na kulikuwa na mvumo.

Leo anabisha kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala.
Ko-ko-ko.
Bisha, bwana. Mbao ni nene,
na humu ndani habari zote tunazo.