Sakafu Kavu

Hilkka Rautio alikuja Jumanne, theluji ingali mabegani,
na Oldsmobile ya mwaka sabini na tatu, rangi ya chai ya maziwa.
"Nikikanyaga mafuta inaguna, haiendi.
Halafu inakumbuka, inaruka, shingo inaniuma."

Mafundi watatu wa Thunder Bay walikwisha kulihukumu.
Wa kwanza alisikiliza akiwa amekaa.
Wa pili alitaja bei kabla ya kufungua boneti.
Wa tatu alimpa pole, kama msibani:
giaboksi imekwisha, mama, uza vyuma.

Mimi nilimwomba ufunguo.

Tukapanda kilima. Gia ya kwanza ikashika.
Ya pili ikachelewa: injini ikapandisha sauti, gari likabaki pale pale,
kama mtu anayekimbia ndotoni.
Nikahesabu moja, mbili, tatu. Ikashika kwa kishindo.
Na nyuma yetu, kwenye kioo, moshi mweupe
ambao Hilkka aliuita baridi.
"Huku Januari kila kitu kinatoa moshi," akasema,
"hata farasi, hata wachungaji."

Gari likiwa la moto bado, injini ikinguruma,
nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena.
Ncha tu ndiyo iliyolowa.
Mekundu, kama dawa ya kikohozi. Nikanusa: hayajaungua.
Nikayapaka kwenye karatasi nyeupe, nikasubiri.
Hakuna masizi. Hakuna chenga za klachi.
Maiti haina damu safi namna hii.

"Unaongeza mara ngapi?"
"Kila Jumapili, nikitoka kanisani. Chupa moja.
Veikko aliniachia kreti, zikiisha nanunua."
"Na yanavujia wapi?"
"Hayavuji. Njoo uone gereji yangu.
Sakafu kavu, ningeweza kukandia mkate pale."

Nikalala chini ya gari na taa.
Karai kavu, limevaa vumbi la miaka.
Sili kavu. Paipu za kwenda kwenye rejeta, kavu.
Chupa hamsini na mbili kwa mwaka,
na mafuta hayana miguu.

Ubaridi wa saruji ulikuwa umenifika figoni
nilipokumbuka ule moshi.

Upande wa kulia, nyuma kabisa ya giaboksi,
kuna kikopo cha bati, si kikubwa kuliko kibweta cha dawa ya viatu.
Ndani yake kiwambo cha mpira
kinachosikiliza pumzi ya injini kupitia mrija mwembamba,
ili giaboksi ijue mzigo wa leo una uzito gani,
ishike kwa nguvu gani.
Nikauchomoa mrija.
Tone jekundu likaniangukia shavuni.

Kiwambo kimepasuka. Kila injini inapovuta pumzi
inafyonza mafuta ya jirani yake, inayachoma,
inayatoa nyuma kwa jina la baridi.
Kikulacho, wahenga wangeanza;
mimi nilikuwa nimefumba mdomo, tone la pili lisiingie.

Bolti moja. Kikopo kipya, bei ya viatu vya mtoto.
Nikamwekea Hilkka kile cha zamani kiganjani,
nikampulizia tundu aone hewa inavyopita
mahali isipotakiwa kupita.

Akakigeuzageuza.
"Veikko naye hakuvuja," akasema.
"Mwaka mzima. Nje mkavu kabisa.
Na wao walikuwa wakimtazama sakafuni."

Nikafuta spana ambayo ilikuwa safi.

Nilimwambia moshi utaendelea siku mbili tatu,
ni yale yaliyokwisha kunywewa, asiogope.
Aliuliza kuhusu kreti: zimebaki chupa tisa.
Zitunze, nikasema, utapima tu.
"Basi Jumapili nikitoka kanisani nitafanya nini?"
Kwa hilo sikuwa na kifaa.

Akatia kikopo kibovu mfukoni mwa koti, akaondoka.
Nilisimama mlangoni bila kofia, nikisikiliza kilima.
Ya kwanza.
Kisha ya pili, ikashika taratibu,
hata kabla hajafika kwenye duka la mikate.