Wa Tatu

Wenzangu hutibu. Mimi nahesabu,
ndiyo maana keki za wodini hunifikia zikiwa makombo.
Suwałki, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
gari la kumwaga chumvi limepita mara mbili chini ya dirisha langu.

Wa kwanza alikuwa Euzebiusz, fundi wa saa za ukutani.
Mkojo wake tukauotesha. Nikainua sahani kwenye taa:
vile vidoa vya karatasi vilivyolowa dawa,
kila kimoja hujichorea uwanja mtupu,
mpaka ambao vimelea havithubutu kuuvuka.
Safari hii hapakuwa na mpaka.
Vilikuwa vimeota hadi ukingoni mwa karatasi
kama magugu yanayolamba ukuta wa nyumba iliyohamwa.
Dawa kumi na moja. Zote kimya.

Wa pili, Leokadia, kitanda cha mlangoni,
aliyekuwa akitugawia peremende za mnanaa
kwa mkono wenye dripu.
"Wawili ni bahati mbaya," alisema mkurugenzi.

Leo, saa nane usiku, maabara wamepiga simu.
Teodozja. Alikuja kwa nyonga tu,
na mto wake wa manjano kutoka nyumbani.

Nimemwamsha Radzimiński. Hata usingizini sauti yake imevaa tai:
"Tusubiri Jumatatu. Ijumaa tuna wageni wa wizara.
Huenda mama huyu alikuja na vimelea vyake mwilini.
Unajua wodi ikifungwa inatugharimu kiasi gani?"
Najua, nimemwambia. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Aliyejua ni Bronka, anayepiga deki.
Hakuinua macho:
"Sinki la chumba cha saba linakunywa polepole.
Nimesema tangu Novemba."
Ulimwambia nani, Bronka?
"Niliiambia ndoo. Ndoo husikiliza."

Tukafungua bomba, tochi kaibana kwa meno.
Ukamwagika ute wa kijivu, mzito kama uji uliolala,
nywele, kifuniko cha sindano,
na harufu ambayo niliitambua: ni sisi.
Chai iliyobaki tuliimwaga humo.
Maji ya sukari ya dripu, humo.
Na dawa zenyewe, zile za bei, zikisalia kidogo chupani,
tone kwa tone, mwaka baada ya mwaka,
tukavifungulia vimelea shule
na silaha zetu zikawa daftari lao.
Kikulacho, mara nyingine, ki bombani mwako
na wewe ndiye uliyekiandalia meza.

Asubuhi nitamhamishia Teodozja chumba cha peke yake.
Nitavaa gauni, glavu, barakoa, nibaki macho tu,
naye ataniuliza kama aulizavyo kila mtu: "Nimekosa nini?"
Sina jibu linalopenya barakoa.

Fomu inataka umri, wodi, tarehe ya sampuli, jina la kimelea.
Haina kisanduku cha mto wa manjano.
Wala haina mahali pa kuandika Novemba,
lakini nimeiandika, chini kabisa, kwenye Maelezo Mengine:
mfanyakazi wa usafi alitoa taarifa. Hakusikilizwa.
Na jina lake nikaliandika lote, Bronisława Wasilczyk,
maana hata mimi, miaka sita, nilikuwa sijui ukoo wake.

Saa kumi kasorobo nimebonyeza Tuma.
Kompyuta imejibu "Imepokelewa"
kisha kioo kikarudi kuwa cheusi, na ndani yake uso wangu.

Bronka ameniletea keki ya mbegu za popi,
kipande kizima, kwenye karatasi ya kufutia mikono.
Kabla ya kula nimenawa, kwenye sinki la korido.
Nimefunga bomba nikainama
kusikiliza maji yanavyoshuka,
moja, mbili, tatu,
nne,
na bado hayajaisha.