Karatasi ya Nne

Tatu nimezifaulu. Ya nne imebaki,
na wenye mtihani wameniandikia barua:
mwisho ni Juni thelathini, kisha wanafunga;
lugha hii ya programu haitatahiniwa tena.
Aliye katikati amalize, au ahamie mpya,
aanze chini kabisa, kama mtoto wa chekechea.

Ada ni elfu saba.
Hapa Webuye hiyo ni mifuko miwili ya mbolea,
na mahindi yangu yamefika magotini, yanadai.

Barasa, tuliyesoma naye, ananipigia toka Nairobi:
"Sitawa, nani atakuajiri kwa kitu kilichozikwa?
Si heri usomee taipureta!"

Ana haki. Lakini Jumatatu
chama cha maziwa cha Kimilili kilinitafuta,
mizani imegoma, lita zote zimegeuka sufuri,
nikaifungua programu hiyo hiyo iliyozikwa,
nikaikuta inapumua.
Kosa lilikuwa mstari wa mia nne na sita,
nukta-mkato moja, ndogo kama chawa.
Wakanipa elfu mbili na maziwa ya chupa.
Cheti hakuna aliyeniomba.

Hapo ndipo hesabu inanigomea.
Kama hawakiombi, ni cha nini?
Na kama ni cha bure,
mbona usiku kinanikera
kama kijiwe ndani ya kiatu?

Senge Nasipwondi alikuwa kiwandani
siku mji huu ukitengeneza karatasi
na harufu yake ikiingia hadi kwenye ugali.
Alisomea mashine ya kukunja, miezi minane,
mashine ambayo hata mfagiaji alijua itang'olewa.
Cheti chake bado kiko ukutani.
Mchwa wamekula muhuri
na herufi mbili za jina.

Nikamuuliza: ulimalizia nini, nawe ulijua?
Nilitaka neno zito, la kutembea nalo.
Akaendelea kuchambua mrenda.
"Siku ya mwisho kulikuwa na chai na mandazi.
Na mandazi ya kiwanda, mwanangu,
yalitiwa iliki."

Nilicheka mpaka nyumbani.

Karatasi ya nne inahusu kumbukumbu ya mashine:
namna ya kuomba nafasi, kuitumia,
na kuirudisha ukishamaliza haja.
Usipoirudisha, inavuja kidogo kidogo,
hakuna anayeona,
hadi siku kila kitu kinasimama.
Sura hiyo nimeisoma mara mbili.
Mara ya tatu nikazima taa.

Mbolea nimenunua mfuko mmoja.
Mistari ya juu itakula; ya chini inisamehe.
Mfuko wa pili, na elfu mbili za maziwa,
na elfu moja na nusu ya kukopa chamani,
nimezituma kwa simu, namba ya siri, ujumbe ukalia:
Eldoret, tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi.

Barasa sitamwambia.
Kwenye wasifu wangu sitakiandika.
Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mbili,
na yule msichana bado ameketi pale,
kalamu mkononi, ananingoja nimwambie
aweke chini.

Senge nilimwomba nauli tu.
Akahesabu noti, akanitazama:
"Na kama kule hawatoi mandazi,
beba yako."