Kengele ya Pili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Łódź bado imejigubika.
Nimeketi ukingoni mwa kitanda, soksi mkononi,
naipa miguu sababu ambazo haikuziomba.
Kamba ya kwanza. Ya pili. Ni raba zile zile
za Jumanne ile, zingali na chumvi ya barabarani,
ile ya kuyeyushia barafu, maana hospitali nilikwenda mbio,
kana kwamba mauti humngoja mwenye jasho.

Mama aliendesha tramu miaka ishirini na sita,
kutoka karakana ya matofali mekundu
hadi kule reli inapojipinda kitanzi, irudi ilikotoka.
Mbio zangu hazikumwingia akilini.
"Unamkimbia nani, Jagna? Kama una haraka,
panda, nitakukatia tiketi."
Kukimbia bila kufukuzwa, alisema,
ni wazimu wenye ratiba.

Siku ya tatu baada ya kuzika, nilitoka.
Bibi Grzelak wa ghorofa ya chini
alivuta pazia kama mtu anayefumba mdomo.
Shangazi Halszka akapiga simu: tulia, mwanangu,
mfiwa hukaa ndani, watu wamkute.
Lakini ndani kuna kikombe chake,
kuna kalenda aliyokwisha kuzungushia duara
siku zake za zamu hadi mwisho wa Machi.
Nikikaa, nakaa nayo.
Njiani, angalau, sote tunasogea.

Wasidhani sina uchungu. Ninao.
Nimeufunga kiunoni pamoja na funguo,
wangu na wake,
kila hatua unanigonga paja.

Kwenye daraja la reli, pale njia inapoinuka,
nilijaribu kulia. Haikuwezekana.
Mapafu ni mawili, na yote yalikuwa kazini.
Nililia baadaye, kwenye mteremko,
bila kupunguza mwendo,
na kamasi, nisiseme uongo, niliifuta kwa glavu zake,
zile za kazi, alizozikata ncha za vidole
apate kuhesabu chenji.
Kidole gumba bado kinanuka chuma na chungwa.

Saa ya mkononi ikalia, ikanipongeza:
leo umejipunguzia sekunde tisa.
Tisa.
Nesi aliandika saa, akaandika dakika.
Sekunde hakuna aliyeziuliza.

Zamani tulipokutana, mimi kando ya reli,
yeye nyuma ya kioo, kofia imemshuka hadi nyusi,
alipiga kengele mara mbili:
ya kwanza ya sheria, ya pili yangu.
Abiria walidhani ni njiwa, au mlevi.
Mimi nilijifanya sikusikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
kisha ishirini na nane, kisha thelathini na mbili,
na miaka yote hiyo nilijifanya sikusikia.

Leo tramu ya saa kumi na mbili na dakika tano
ilinikuta karibu na kituo cha sokoni.
Dereva kijana, ndevu changa, simjui, hanijui.
Akapiga.
Moja.
Mguu wangu ukabaki hewani, nusu hatua, ukisikiliza.
Mabehewa yakapita, mwanga wa madirisha
ukanihesabu, dirisha moja moja, ukaniacha.

Sijawahi kusimama katikati ya mbio.
Nilisimama. Nikafungua zipu ya mkanda, nikatoa ufunguo wake,
nikaugonga kwenye mlingoti wa kituo,
mara moja tu, wala si kwa nguvu.

Mzee aliyekuwa akingoja usafiri
akageuka, akatazama reli, kisha saa yake.
Nami nilikuwa nimebakiza kilomita mbili.