Kilango cha Kulia

Gari hili halinywi maji.
Lilizaliwa bila rejeta, injini kisogoni,
linapozwa kwa feni na upepo,
na joto la abiria ni la kuomba:
hewa ipite kwanza ndani ya bati lililovishwa bomba la moshi,
ipate moto pale, ndipo isafiri
kwenye vizingiti vya milango hadi mbele,
imechoka, inanuka oili,
ikifika miguuni imeshasahau ilichotumwa.

Baba aliliendesha hivyo miaka arobaini na saba.
"Vaa soksi mbili," alikuwa akimwambia Mama,
na huo ndio ulikuwa ufundi wake wote.

Leo ni Januari, Münsingen, nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la gereji.
Mama ameketi juu ya kreti ya bia,
amevaa koti la marehemu, ameshika taa.
Anataka nimpeleke Ulm kwa daktari wa macho,
kwa gari hili, si jingine,
na anataka, angalau mara moja, kufika na vidole vyake vyote.

Mimi ni fundi wa lifti. Kebo nazijua.
Ukivuta huku, kitu kitii kule;
kisipotii, katikati pana jambo.

Wenzo mwekundu kati ya viti, ubavuni mwa breki ya mkono,
unapanda na kushuka
kama kichwa cha mtu anayeitikia asichosikia.
Naung'oa. Boliti tatu, na washa ya fiba iliyokuwa unga.
Kebo ya kushoto imekatika,
nyuzi zimechanua kama mswaki uliozeeka.
Hilo nililitegemea.
Naingiza mpya kwenye mrija wake, sentimita kwa sentimita,
naipaka grisi, naibembeleza,
inakwama palepale mrija unapopinda,
nairudisha, naizungusha, natukana kwa Kiswabi cha mashambani.
Mama anacheka: "Hapo umekuwa Ottmar."

Kisha chini ya gari, mgongo juu ya kadibodi,
kutu ikinidondokea machoni kama pilipili.
Kilango cha kushoto nakigonga, kinalia, kinafunguka.
Kilango cha kulia kimefungwa.
Si kwa kutu. Kwa waya.
Mizunguko mitano, ncha imekunjwa ndani isije ikamkata mtu,
kazi ya mtu aliyekuwa na muda.

"Mama, nani alikifunga hiki?"

Mwanga wa taa unatikisika kidogo ukutani.

"Mimi nilimwambia.
Ile harufu. Mimba yako ilinitapisha kila kona,
kuanzia hapa hadi Reutlingen.
Nikasema, Ottmar, lizime joto lako, nitakufa.
Akalala hapohapo ulipolala."

"Halafu?"

"Halafu ukazaliwa."

Nahesabu, nikiwa chali, plaisi mkononi.
Majira ya baridi arobaini na matano.
Soksi mbili, tisini kwa jumla, kama ni jozi basi mara mbili yake,
na yeye upande wa pili akipata uvuguvugu wake,
akidhani gari ndilo lilivyo.
Au alikumbuka siku moja, katikati ya barabara,
akaona haya kusema?
Simuulizi Mama. Waya siukati;
naufungua mzunguko mmoja mmoja,
nampa.
Haunyooki. Anauweka mfukoni mwa koti.

Tunawasha. Dakika kumi.
Kioo cha mbele kinaanza kuona, tundu dogo kwanza,
kama mtu aliyepumulia sarafu,
kisha uwanja, kisha lango, kisha barabara.
Mama amevua viatu.
"Bado inanuka vilevile," anasema,
na miguu haiondoi.

Washa ya fiba sina. Duka litafungua Jumatatu.
Bila hiyo wenzo hausimami,
unashuka wenyewe kila ukiachiwa,
kwa hiyo Mama anaushikilia juu
kwa mkono wa kushoto,
mpaka Ulm.