Vidato

Shuleni niliishia kidato cha pili.
Mnazi huu una vidato arobaini na kimoja,
navyo navisoma kwa unyayo, alfajiri na jioni,
kotama kiunoni, kibuyu kikinigonga mgongo.

Vya chini alivikata Ngumbao, mzaa babu.
Alikuwa mfupi. Hatua zake zimebanana,
ukizipanda magoti yanakufika kidevuni.
Kisha ni Jefwa, babu yangu, mrefu, mashoto,
panga lake limelalia upande usiotarajiwa,
na mvua hutuama humo, na siafu hunywa.

Halafu pana gome tupu, dhiraa tatu.
Ni miaka ile tembo lilipopigwa marufuku,
askari wakipanda mlima wetu na filimbi,
wakimwaga mitungi hadi kuku wakapepesuka.
Baba aligema usiku. Hakukata kidato,
jeraha bichi lisije likamsema kwa chifu.
Mnazi ukarefuka bila kuandikwa.
Hapo hakuna cha kusoma. Unakumbatia,
unajivuta, unanusa jasho lako mwenyewe.

Juu kabisa, kwenye karara, naiona Malindi:
mapaa ya hoteli, mnara wa simu,
bahari nyembamba kama uzi wa kushonea.
Wa mjini wakisikia Murimani ni mlima
hucheka. Waje na ndoo ya maji kichwani
ndipo tuzungumze habari ya milima.

Mwezi wa Machi, Tsofa, mume wa dada,
alituletea mzee wa Kitaliano, Silvano,
fundi wa mabomba aliyestaafu, goti bovu.
Akakalishwa kwenye kinu kilichopinduliwa,
akapewa mboko na mrija.
Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena.
Akaomba kotama, akaipitisha kidoleni,
akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:
“Bibi yangu, kisu hiki hiki. Zabibu.
Kwetu mlima. Nyumba kumi na moja.
Vijana wote, chini, mjini. Kengele iko,
mtu wa kupiga, hakuna.”
Tukacheka, kumbe na Ulaya kuna Murimani.
Mama akamwongeza bila kumhesabia.

Ndipo akaliona shimo kando ya banda,
na mama akilimiminia, kama kila siku,
kikombe cha kwanza.

Tsofa akaeleza kwa mikono: hapa alisimama
Ngumbao. Kigango chake. Kichwa cha mviringo,
kifua kimechongwa pembetatu pembetatu.
Usiku mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa,
mbwa hawakubweka. Asubuhi palikuwa na shimo
na alama za magurudumu.

Silvano akauweka mrija chini.
Akakaa kimya mpaka povu likatulia.
Mji ulio chini ya mlima wao, akasema,
daktari wa meno anacho, sebuleni,
baina ya dirisha na piano.
Labda si hicho. Krismasi hukivika taa.

Nilidhani mama atalia, au atatukana.
Akajifuta mikono kwenye leso, akauliza:
“Huko aliko, yuko mtu wa kumpa kinywaji?”

Tsofa akatafsiri. Mzee akatazama goti lake.
“Hapana, mama. Hakuna.”

“Basi mwambie huyo daktari: asubuhi, na jioni.
Hata hiyo ya zabibu. Ampe kidogo tu,
Ngumbao hakuwa mtu wa kulewa.”

Alipoondoka alisahau kofia.
Imetundikwa bandani, kuku ametagia ndani yake.

Kesho yake nilipanda kabla ya jogoo,
na pale penye gome tupu, gizani,
nikakata kidato, cha arobaini na mbili,
chini chini, karibu,
hatua ya mtu mfupi.