Sitini

Prado ya Mzee Ndeshau ilivutwa kwa kamba hadi kwangu,
taa zote za dashibodi zikiwaka kama Desemba ya Kibosho.
Fundi wa Njoro alishabadilisha boksi la breki,
akabadilisha la gia,
akaomba hela ya la tatu.

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
Injini: simsikii breki.
Gia: simsikii breki.
Usukani naye: simsikii.
Breki, kimya.

Marehemu Aikande, aliyenifunza kazi kule Pasua,
alikuwa akisema: usimzike mtu
kwa sababu hapokei simu.

Nikafungua betri. Nikaacha gari lilale,
nikanywa chai mpaka yakabaki majani.
Kisha mita, kwenye zile nyaya mbili zilizosokotana.
Ilitakiwa isome sitini.
Ikasoma mia na ishirini:
ncha moja ya mazungumzo haipo.

Nikafuata waya kwa vidole, si kwa macho,
chini ya zulia, kwenye makapi ya kahawa na risiti ya dawa za mifugo,
nyuma ya tairi la kushoto,
pale panya alipojilia.
Mmoja mzima. Mwenzake amekatika,
shaba yake imeota kijani.

Nikaunga kwa risasi, nikauvisha mpira.
Hamsini na tisa nukta nane. Hiyo ni sitini.
Taa zikazima, ya breki ikawa ya mwisho.

“Na yale maboksi mawili niliyonunua?”
“Hayana kosa.”
“Na yale ya kwanza?”
“Nayo hayakuwa na kosa, mzee.”

Akakaa ndani muda mrefu,
akikanyaga breki,
gari likiwa limesimama.